Punguza RAM kabla hujaongeza: jinsi ya kujua kama itapandisha alama za gemu zako

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Tandika aliingia kwenye kibanda changu hapa Sinza amebeba Dell OptiPlex 7040 iliyofungwa kwa khanga ya mama yake. Ndani mna prosesa ya Core i5-6500, kadi ya grafiki ya GTX 1650 aliyoipata mtumba, na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 16. Mfukoni alikuwa na pesa alizodunduliza miezi mitano kwa kuuza vocha na kuosha pikipiki, na alitaka nimwongezee RAM ifike GB 32. "Dada, GTA inaganda kila nikiingia mtaa mpya, na Time Spy imegoma kupanda."

Time Spy ni programu ya kupima nguvu ya mashine kwa alama. Nikamwambia pesa zibaki mfukoni kwanza, avute kiti tupime.

Swali lake naulizwa karibu kila siku. Zamani mtu akikosea hapa hasara ilikuwa ndogo. Lakini mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa dunia nzima, kwa sababu viwanda vya chipu vinazielekeza kwa wingi kwenye mashine za akili mnemba, na sasa kosa hilo linakula pesa ambayo ingenunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) au kusogeza kadi ya grafiki hatua moja juu. Inaniuma kumwona kijana anaondoka na RAM mpya halafu anarudi baada ya siku mbili na alama zile zile.

Msimamo wangu, baada ya miaka kumi na moja ya kufungua mashine za watu, ni huu: RAM hupandisha alama pale tu ilipokuwa imebana, na hubana kwa namna tatu. Ama imejaa, ama iko moja badala ya mbili, ama inakimbia chini ya kasi uliyoilipia. Kujua kama imebana hakuhitaji kununua nyingine. Ipunguze uliyonayo, rudia kipimo, tazama kama alama zinashuka. Ukiipunguza na alama zisitikisike, hata ukiiongeza usitegemee mabadiliko.

Jua kwanza kipimo chako kinapima nini

Watu wengi wanatazama namba moja kubwa katikati ya skrini na kuishia hapo. Time Spy ya 3DMark inatoa namba tatu: ya grafiki, ya prosesa na ya jumla. Hiyo ya jumla haipatikani kwa kujumlisha mbili na kugawa kwa mbili. Grafiki ina uzito wa asilimia 85, prosesa asilimia 15. Unachukua 0.85 unaigawa kwa alama za grafiki, unachukua 0.15 unaigawa kwa alama za prosesa, unajumlisha majibu mawili, kisha unagawa 1 kwa jumla hiyo.

Tulifanya hesabu hiyo na kijana kwenye simu yake. Alama zake, tukizikata ziwe rahisi, zilikuwa grafiki 3,400 na prosesa 3,500. Jumla inakuja 3,415. Nikamwambia tufanye RAM mpya imempandishia prosesa asilimia 10 nzima, ifike 3,850, jambo ambalo kwa mashine kama yake ni ndoto. Jumla mpya: 3,461. Pointi 46 kwa pesa zote zile. Kisha asilimia 10 ile ile tukaihamishia kwenye grafiki, kutoka 3,400 hadi 3,740, prosesa ikabaki ilivyo. Jumla: 3,702. Pointi 287. Alikaa kimya akaipiga hesabu mara ya pili peke yake.

Alama za grafiki zenyewe RAM haizigusi kwa kiasi cha maana ikiwa kadi yako ina kumbukumbu yake. GTX 1650 yake ina GB 4 za GDDR5 zinazosafirisha data kwa GB 128 kwa sekunde. Kazi ya kuchora inafanyika humo humo kwenye kadi. Wapo wanaoamini ukiongeza RAM kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) unakuwa umeiongezea kadi kumbukumbu. Hapana. Zile GB 4 zikijaa, kadi inaanza kuazima kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia ya PCIe, na PCIe 3.0 ya njia 16 haizidi GB 16 kwa sekunde. Linganisha na 128 uone kwa nini gemu inakatakata. Dawa ya hilo ni kushusha ubora wa tekstcha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), na haigharimu kitu.

Vipimo vingine kwa ufupi. Cinebench karibu haijali RAM kabisa, kwa hiyo usiitumie kuamua jambo hili. Kipimo cha ndani ya 7-Zip kinaijali sana, lakini kukandamiza mafaili si kucheza gemu, kwa hiyo usidanganyike na ongezeko utakaloliona pale. Kinachokufaa zaidi ni kipimo cha ndani ya gemu unayoicheza kweli. GTA V inacho, Cyberpunk 2077 inacho, na Shadow of the Tomb Raider inacho chenye kitu kizuri: mwishoni inakuonyesha ni asilimia ngapi ya muda kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa inasubiriwa. Ukikuta asilimia 95 na kuendelea, funga ukurasa wa RAM, tatizo lako ni kadi. Ukikuta namba ndogo, prosesa na RAM ndizo zinazochelewesha, endelea kusoma.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Nimewahi kumwona mtu akisema RAM imempa fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) 8 zaidi, kumbe kabla alipima saa nane mchana banda la bati likiwa linawaka, na baada yake akapima usiku. Hapa Dar joto peke yake linaweza kubadilisha kasi ya kadi. Kwa hiyo pima saa zile zile, feni zile zile.

Washa upya kompyuta. Subiri dakika tatu hivi Windows imalize mambo yake ya mwanzo. Zima kivinjari, zima Discord, zima kila kinachopakua. Fungua gemu, weka mipangilio ile ile, zima kikomo cha fremu na V-Sync (inayozifunga fremu kwenye kasi ya skrini). Endesha kipimo mara nne. Ya kwanza itupe, maana mara ya kwanza gemu inapakia vitu vingi kutoka kwenye diski. Katika tatu zilizobaki chukua ya katikati. Tofauti iliyo chini ya asilimia 2 au 3 ihesabu kuwa hakuna tofauti. Kipimo chenyewe huyumba kiasi hicho bila kugusa kitu.

Halafu, na hili nalisisitiza kuliko yote, usiandike wastani peke yake. Tumia CapFrameX, au MSI Afterburner na RivaTuner yake, urekodi pia asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu mbaya kabisa. RAM inapobana, mara nyingi wastani hauonyeshi. Chukua fremu 100: 99 kati yake zimechukua milisekunde 10 kila moja, na moja imechukua milisekunde 200. Jumla ni milisekunde 1,190, wastani unatoka fremu 84 kwa sekunde. Mtu anayesoma karatasi ataona mashine iko vizuri. Mchezaji mwenyewe ameona picha ikiganda sehemu ya tano ya sekunde, na katika Valorant au CS2 hapo ameshakufa. Wateja wangu wanaposema "inaganda" wanasema kweli, hata kama wastani unawakana.

Jambo jingine: ukitaka kuona mchango wa RAM waziwazi, pima pia kwa azimio dogo, 720p, na michoro ya chini kabisa. Hapo kadi inapumzika, na mzigo wote unabaki kwa prosesa na RAM. Kama hata kwenye 720p hakuna tofauti, kwenye 1080p mara nyingi huwezi kuiona.

Jaribio la kwanza: je, imejaa?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha Memory. Cheza gemu yako kama unavyocheza siku zote, na vitu vyako vyote vikiwa wazi kama kawaida yako, nusu saa nzima, kisha rudi hapo bila kufunga gemu. Usitazame asilimia tu. Tazama mstari wa Committed, wenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Namba ya kushoto ikiwa kubwa kuliko RAM uliyonayo, kuna uwezekano mkubwa Windows inaegemea kwenye diski, na mashine yenye diski ya kuzunguka hapo inageuka gogo.

Sasa jaribio la kupunguza. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, fungua Boot, kisha Advanced options. Kuna kisanduku cha Maximum memory. Kitie alama, andika 8192, washa upya. Kompyuta sasa itajiona ina RAM isiyozidi GB 8, na uzuri wa njia hii ni kwamba RAM zako mbili bado zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo umepunguza ujazo bila kuharibu kitu kingine. Usiandike namba ndogo sana, ukishuka chini ya 4096 Windows inaweza kukusumbua hata kuwaka. Pima. Ukimaliza, rudi uondoe alama. Nimeshapokea zaidi ya kompyuta moja "inayokula RAM" kumbe mwenyewe alisahau kisanduku hiki.

Kwa uzoefu wangu majibu yanaangukia hivi. Gemu za mashindano kama Valorant na CS2 zinaridhika na GB 16 na bado kuna nafasi. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilipendekeza GB 8. Lakini gemu kubwa za miaka ya karibuni zimepanda: Hogwarts Legacy na The Last of Us Part I, zote zilizotoka kwa kompyuta 2023, zinataka GB 16 kama kiwango cha chini, na Cyberpunk 2077 sasa inataka 12. Ukiwa na GB 8 na unataka kucheza hizo, ongeza bila kuuliza, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Kutoka 16 kwenda 32 kwa ajili ya alama za gemu tu, sipendekezi isipokuwa jaribio hili limekuonyesha Committed inavuka 16.

Jaribio la pili: moja au mbili?

Hapa ndipo ninapoona pesa nyingi zaidi zikipotea, na ndipo mashine nyingi za hapa mjini zinapokuwa na ugonjwa bila wenyewe kujua.

Prosesa za kawaida za mezani zina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Ukiweka RAM moja, njia moja inakaa tupu. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde kwa njia moja. Ukiweka mbili, 51.2. Ujazo unaweza kuwa ule ule. GB 16 moja na GB 8 mbili ni kiasi kilekile kwenye karatasi, lakini kwenye gemu ni mashine mbili tofauti.

Mwaka juzi kaka mmoja mwenye chumba cha gemu Manzese aliniita. Ana mashine sita za Ryzen 5 5600G, hazina kadi ya grafiki, zinatumia grafiki ya Vega iliyo ndani ya prosesa. Aliambiwa dukani anunue RAM moja ya GB 16 kwa kila mashine "ili baadaye aongeze nyingine". Vijana walikuwa wanalalamika, wengine wameanza kuhamia chumba cha jirani. Sikumuuzia kitu. Nilichukua mashine mbili, nikatoa RAM ya moja nikaipandikiza kwenye ya pili, ili apate kuona. Ile ya pili ikawa na mbili. Tukafungua Fortnite mipangilio ile ile. Iliyokuwa inahangaika kwenye fremu thelathini na kitu ikapanda ikavuka arobaini, na kule kugandaganda wakati wa kugeuka haraka kukaisha. Alinishika bega akasema, "Dada, na ile nyingine tuifanyeje?"

Sababu yake inaeleweka ukikumbuka zile namba za kadi. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakula sahani moja na prosesa, kwenye RAM hiyo hiyo. GTX 1650 ina GB 128 kwa sekunde za peke yake. Vega ya 5600G yenye RAM moja ya 3200 inagombania 25.6 na prosesa. Kuipa njia ya pili ni kama kuifungulia bomba. Kwa mashine za aina hii, RAM ndiyo kadi yako ya grafiki, na ushauri wangu wa kutonunua ovyo unageuka: nunua mbili, na ununue zenye kasi.

Yule kaka hatimaye alibadilishana na duka: GB 16 sita akazirudisha, akachukua GB 8 kumi na mbili, akaongeza kidogo.

Mashine yenye kadi yake nayo inaathirika, ila kwa kiasi kidogo, na zaidi kwenye zile fremu mbaya kuliko kwenye wastani. Kujaribu ni rahisi: zima, toa RAM moja, pima. Kujua hali uliyonayo ni rahisi zaidi: fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory, tazama Channel. Ikisema Dual au 2 x 64-bit, uko sawa. Task Manager haikwambii hili. Itakwambia sloti ngapi zimetumika, na unaweza kuwa na mbili zilizokaa kwenye njia moja.

Kuhusu kuziweka. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Mazabodi yenye sloti nne, RAM mbili kwa kawaida zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zimeandikwa A2 na B2. Wengi wanaweka ya kwanza na ya pili kwa sababu ziko karibu, na hapo umejinyima njia moja. Kitabu cha mazabodi ndicho cha mwisho, kifuate. Tazama pengo kwenye meno ya RAM lilingane na kigingi cha sloti. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4 hata ukiikandamiza, na ukiikandamiza utavunja. Sukuma pande zote mbili sawasawa mpaka usikie klipu zikilia. Ikiwa RAM ni ya mtumba, yale meno ya rangi ya dhahabu yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa shule kisha uyafute kwa kitambaa kikavu. Nusu ya kompyuta zinazoletwa kwangu "zimekufa, zinapiga mlio" zimefufuka kwa ufutio.

Ukichanganya GB 8 na GB 4, mashine nyingi zitafanya GB 8 za kwanza kwa njia mbili na 4 zilizobaki kwa njia moja. Si dhambi, lakini si sawa na mbili pacha.

Laptopu: nyingi zina RAM moja iliyochomelewa na sloti moja tupu. Kujaza sloti hiyo ndilo ongezeko bora kabisa la laptopu isiyo na kadi ya grafiki. Zenye RAM aina ya LPDDR kwa kawaida haziongezeki, imechomelewa yote.

Jaribio la tatu: kasi uliyoilipia

RAM iliyoandikwa 3200 au 3600 mara nyingi huwaka ikiwa 2133 au 2400 mpaka umwambie mazabodi vinginevyo. Mashine inapowaka ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) kwa Delete au F2, tafuta XMP, au EXPO kwa Ryzen za DDR5 (ndiyo mipangilio inayoifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa), iwashe, hifadhi, toka. Dakika mbili. Nimewapandishia watu alama kwa hatua hii peke yake wakiwa wamekuja kununua. Ukitazama CPU-Z usishtuke ukiona 1600: inaonyesha nusu, zidisha mara mbili. Ili kupima faida yake, izime tu upime tena.

Ila si kila mashine inakubali. Zile za ofisi zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya na Dubai, kama ya huyu kijana, hazina XMP. i5-6500 inaishia DDR4 ya 2133, na RAM ya 3200 ukiiweka humo itakimbia 2133 hiyo hiyo. Muuzaji anayekushawishi ulipie 3200 kwa mashine kama hiyo anakupotezea pesa. Kwa upande wa Intel, mazabodi za B460 na zilizotangulia kwenye daraja hilo haziruhusu kuvuka kasi rasmi ya prosesa. B560 ya mwaka 2021 ndiyo iliyofungua mlango. Kwa Ryzen, B450 na B550 zinakubali.

Kasi pekee haitoshi, tazama na CL, namba inayoonyesha RAM inachelewa kiasi gani kujibu. Gawa CL kwa kasi, zidisha kwa 2,000, unapata nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 ni 10. Yenye CL22 ni 13.75, na hizo ndizo za bei rahisi nyingi. DDR5 ya 6000 yenye CL30 ni 10 tena, lakini ile ya 4800 yenye CL40 ni karibu 16.7. Kwa Ryzen za mfululizo wa 3000 na 5000, 3600 ndiyo mahali pazuri pa kusimama, kwa sababu juu ya hapo njia ya ndani ya prosesa kwa kawaida hushindwa kwenda nayo sambamba. Na ukiwa na Ryzen 7 5800X3D yenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 96, kasi ya RAM inakuhusu kidogo sana; kashe imeshabeba kazi hiyo.

Wenye DDR5, mambo mawili. Usijaze sloti nne. Ryzen 7000 inakubali rasmi 5200 kwa RAM mbili, lakini ukiweka nne inashuka mpaka 3600, kwa hiyo mtu anaongeza ujazo na alama zinashuka. Na siku ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mashine ikijifunza RAM mpya. Usiizime. Kunywa chai. Kama ni DDR4 na imegoma kabisa baada ya XMP, chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 dakika tano, irudishe, itaamka na mipangilio ya kiwandani.

Usiondoke dukani bila kuikagua RAM yenyewe. Niliwahi kuuziwa mahali RAM yenye stika ya 3200. Nilipoifungua kwenye ukurasa wa SPD wa CPU-Z nikakuta 2400 tu, bila XMP ya 3200. Stika inabandikwa na mtu, SPD imeandikwa kwenye chipu. Ukifika nyumbani iache MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja, irudishe. RAM mbovu haipunguzi alama tu, inaharibu mafaili kimya kimya.

Tulichokuta kwa kijana wa Tandika

Committed wakati GTA ikiwaka ilikuwa chini ya GB 11 kati ya 16. Haijajaa. Tukaipunguza hadi 8192 na kivinjari kimezimwa: wastani haukusogea. CPU-Z ilionyesha njia mbili, GB 8 mara mbili. Nikamtolea moja ili ajionee. Fremu mbaya zikawa mbaya zaidi waziwazi, akaomba niirudishe haraka. Kasi ilikuwa 2133, ndiyo mwisho wa prosesa yake. Milango yote mitatu imefungwa.

Basi ile kuganda inatoka wapi? Nikamwomba aendeshe gari ndani ya gemu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine huku nimefungua ukurasa wa Disk. Kila alipokata kona kuingia eneo jipya, diski ilipanda ikagonga 100, picha ikaganda, diski ikashuka, picha ikaendelea. Gemu ilikuwa kwenye diski ya kuzunguka ya GB 500 iliyokuja na mashine. Akatoa sehemu ya pesa zake tukaenda kununua SSD ya SATA ya GB 480, tukahamisha gemu, na kona zile zile akazipita bila kusimama. Alirudia mara tatu, haamini.

Time Spy tuliirudia mbele yake kabla hajafunga khanga. Ilibaki pale pale, kama nilivyomwambia, na safari hii hakuhuzunika. Pesa iliyobaki anaiwekea kadi nyingine. Nimemwambia kabla hajaagiza anitumie picha ya jina la kadi na mahitaji yake ya umeme, kwa sababu pawasaplai ya OptiPlex yake ni ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi.